Hadithi Fupi za Stephen King: Mbona Wasomaji Hawapatani?

Mwalimu mwenzangu, yamkini nawe huwapa wanafunzi wako zoezi la kusimulia upya hadithi waliyoisoma nje ya vitabu teule. Mimi hulitumia sana katika vipindi vya kusikiliza na kuzungumza. Mwaka mmoja, katika Kidato cha Tatu, mwanafunzi alisimama mbele ya wenzake akawasimulia hadithi aliyoisoma katika kitabu kikuukuu ambacho kakake alikinunua kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba jijini Nairobi. Hadithi yenyewe ni "The Boogeyman", yake Stephen King, Mmarekani. Baba mmoja, Lester Billings, amelala kwenye kochi la daktari wa akili akieleza jinsi watoto wake watatu walivyokufa, mmoja baada ya mwingine, na kila mara mlango wa kabati la nguo ulikuwa wazi kidogo. Anapomaliza, anatoka kutafuta miadi ya siku nyingine, hamwoni karani, anarudi chumbani. Kabati la daktari nalo li wazi. Kinachotoka humo kimeshika kinyago chenye sura ya daktari.

Nusu ya darasa ilipiga mayowe. Nusu nyingine iliangua kicheko.

Niliwaagiza waandike uhakiki mfupi wa hadithi ile. Msichana mmoja aliandika kuwa hadithi haitishi, kwamba mwisho wake ni kama kichekesho cha jukwaani, na kuwa mwandishi alikimbilia zimwi kwa sababu alishindwa kumalizana na yule baba. Nilimpa alama nne kwa kumi. Kando nikamwandikia: "Soma tena." Nilikuwa nimeipenda hadithi hiyo, na sikuona jinsi mtu angekosa kuipenda. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kuzisoma hadithi fupi za King kwa utaratibu, nikatambua kwamba maoni ya msichana yule hayakuwa ya kitoto hata kidogo. Wasomaji waliokomaa, wahakiki wa magazeti na hata maprofesa wamekuwa wakibishana juu ya jambo lilo hilo kwa zaidi ya miaka arubaini. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini wanabishana, na sisi walimu wa fasihi tunaweza kuvuna nini katika ubishi huo.

Tuanze na mwandishi mwenyewe. King alizaliwa mwaka wa 1947 katika jimbo la Maine. Alikuwa mwalimu kama wewe na mimi: mwaka wa 1971 aliajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya upili, akawa anaandika usiku baada ya kusahihisha madaftari. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha kufua nguo. Hadithi fupi ndizo zilizoongezea familia yake pesa kidogo, akiziuza kwa majarida ya wanaume kama vile Cavalier, ambako "The Boogeyman" ilitoka mwaka wa 1973. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, Carrie, ilitoka mwaka wa 1974, na mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi, Night Shift, ukatoka mwaka wa 1978 ukiwa na hadithi ishirini. Baada ya hapo zimefuata Skeleton Crew (1985), Nightmares & Dreamscapes (1993), Everything's Eventual (2002), Just After Sunset (2008), The Bazaar of Bad Dreams (2015) na You Like It Darker (2024). Sijataja mikusanyiko ya novela zake, nayo ni mingi.

Nakuomba uizingatie orodha hiyo kwa sababu chanzo cha kwanza cha mkinzano wa maoni kimo humo. Msomaji anaposema "hadithi fupi za King", anasema juu ya nini hasa? Zipo za kurasa chache zinazotegemea ujanja mmoja tu, kisha ipo "The Mist", ambayo imo ndani ya Skeleton Crew ingawa urefu wake ni wa novela kamili. Mwaka wa 1842, Edgar Allan Poe, akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, alidai kuwa utungo wa aina hii usomwe kwa mkao mmoja na uache athari moja katika moyo wa msomaji. Wahakiki wengi tunaowafundishia bado wanaegemea kauli hiyo, wajue wasijue. Msomaji anayekuja na kipimo cha Poe ataziona hadithi ndefu za King zimefura. Yule aliyekwisha kusoma riwaya zake nene, nyingine zikipita kurasa elfu moja, ataziona hadithi hizo hizo fupi mno, akililia wahusika walionyimwa nafasi ya kukua. Kitabu ni kimoja, lawama ni mbili, na zinapingana. Wala hakuna aliyekosea. Kila mmoja ameleta matarajio yake. Wanaofuata nadharia ya upokezi, hasa Hans Robert Jauss, huyaita haya upeo wa matarajio wa msomaji.

Upeo huo unatuhusu sana sisi tunaofundisha Kiswahili. Mwanafunzi wetu hakulelewa na hofu ya aina ya King. Hadithi za mazimwi alizosimuliwa zina zimwi la kutisha, naam, lakini zimwi huja kwa sababu: msichana amekataa wachumba wote, au mtoto amekaidi wazazi, na mwishowe zimwi hupasuliwa tumbo na waliomezwa hutoka wazima. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert mna majini, lakini majini hao wanaitumikia haki. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960, ina mzimu hadi kwenye jina lake. Lakini Bwana Msa akishawasha kiko chake na kupekuapekua, tunagundua kwamba mkono uliotenda uovu ni wa binadamu. Kwa ufupi, katika fasihi yetu jambo la kutisha aghalabu huadhibu au hufumbuliwa. Kwa King, mara nyingi halifanyi lolote kati ya hayo mawili. Watoto wa Billings walikosa nini? Hawakukosa kitu. Na hadithi inapokwisha, kile kitu bado kimo kabatini.

Sasa utaelewa kwa nini baadhi ya wanafunzi wangu waliuliza, "Mwalimu, funzo ni lipi?" Swali hilo tumelipanda sisi wenyewe kwa maswali yetu ya maudhui na maadili. Lakini hebu turudi kwenye hadithi yenyewe, kwa maana jibu limo. Billings anapoeleza kifo cha mtoto wa tatu, anakiri kwamba alimhamishia mtoto chumba kingine kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa. Alijua kile kitu kitamtafuta aliye dhaifu, akamtoa mwanawe kafara. Usiku ule mtoto alipolia, baba alitoroka nyumbani akaenda kuketi mkahawani hadi kukapambazuka. Msomaji makini huanza kushuku usimulizi wote: je, lipo zimwi, au tunamsikiliza baba aliyewatendea wanawe jambo asiloweza kulitamka? Mpaka hapo taharuki ni ya hali ya juu. Kisha anatokea yule mwenye kinyago, na shaka yote inafutwa kwa sentensi chache. Lipo zimwi. Baba hakusema uongo.

Hapa ndipo wasomaji wanapogawanyika, na hapa ndipo msichana wangu alipokuwa amesimama. Waliopiga mayowe waliupokea mwisho ule kama kilele. Waliocheka waliona mwandishi amekibadilisha kitendawili kigumu kwa jibu rahisi. Mimi leo naegemea upande wa waliocheka, ingawa nakubali kwamba mara ya kwanza niliruka.

Suala la miisho ndilo linalojitokeza zaidi katika maoni ya wasomaji kuhusu hadithi hizi. "The Mist" ni mfano ulio wazi. Watu wamekwama katika duka kubwa, nje kuna ukungu wenye viumbe vya ajabu, na ndani ya duka kuna mwanamke anayewachochea wenzake watoe kafara ya binadamu. Hadithi haimaliziki, baba na mwanawe wamo garini, wanasonga mbele, kukiwa na dalili ndogo tu ya matumaini. Wapo walioupenda mwisho huo ulioachwa wazi, na wapo waliohisi wameporwa. Frank Darabont alipoigeuza kuwa filamu mwaka wa 2007, aliongeza mwisho wa kikatili: baba anawaua aliokuwa nao garini, mwanawe akiwemo, ili wasiraruliwe na viumbe, na punde baadaye msaada unafika. King mwenyewe aliusifu mwisho huo mpya. Mashabiki wake hawajakubaliana hadi leo. Ukitaka mdahalo wa darasani usioishiwa na hoja, wasimulie wanafunzi miisho yote miwili kisha uwaulize upi una kinaya zaidi, na kama kinaya peke yake chatosha.

Chanzo kingine cha tofauti ni aina ya hofu yenyewe. Katika kitabu chake cha uhakiki, Danse Macabre (1981), King anaitenga hofu katika ngazi tatu. Ya juu ni ile ya kutarajia: mlango haujafunguliwa, na akili ya msomaji ndiyo inayofanya kazi. Ya kati ni ya kukiona kitu chenyewe kikitisha. Ya chini ni kinyaa. Anakiri kwamba hujaribu kwanza ya juu, ikishindikana huteremka ya pili, na ikishindikana hiyo pia hatasita kumtapisha msomaji. Ni nadra mwandishi kutukabidhi kipimo cha kumpimia mwenyewe, nasi tusikiache. Chukua "Survivor Type", shajara ya daktari mpasuaji aliyekwama kisiwani bila chakula, akajikata na kujila kiungo baada ya kiungo. Wapo wanaoitaja miongoni mwa kazi zake bora, wakisifu jinsi lugha ya shajara inavyosambaratika kadiri mwili unavyopungua. Wapo walioifunga kurasa mbili kabla ya mwisho na hawakuirudia. Makundi haya mawili yamesoma kitu kile kile. La kwanza limetazama fani, la pili limehisi tumboni. Mwenzangu mmoja katika majilisi ya walimu alikuwa wa kundi la pili, naye alitaka kitabu kiondolewe maktabani. Tulibishana wiki nzima. Hatimaye kilibaki, lakini kwenye rafu ya walimu. Hata sasa sina hakika kama nilishinda au nilishindwa.

Kisha kuna wazo lenyewe la hadithi. "The Mangler" inahusu mashine ya kupiga pasi katika kiwanda cha kufua nguo iliyopagawa na pepo. "Trucks" inahusu malori yanayojiendesha na kuwafanya watu watumwa wa kuyatilia mafuta. King mwenyewe aliielekeza filamu yake mwaka wa 1986, ikachekwa sana. Msomaji asiyekubali wazo la msingi katika ukurasa wa kwanza hawezi kuogopa katika ukurasa wa kumi. Hata hivyo, nionavyo mimi, kinachoiokoa "The Mangler" kwa kiasi fulani ni mandhari: joto, mvuke, mikanda, wafanyakazi wanawake waliozoea hatari ambayo wakubwa wao hawaijali. Hiyo ni sauti ya mtu aliyefanya kazi mahali kama pale. Nilipowapa wanafunzi kifungu cha mwanzo bila kuwaambia kuna pepo, walidhani ni hadithi ya haki za wafanyakazi. "Trucks" haina utajiri huo, na sioni la kuitetea.

Walimu wengi nilioazima kitabu waliipenda "Sometimes They Come Back", ambamo mwalimu wa Kiingereza, Jim Norman, anawapata darasani mwake vijana waliomuua kakake miaka mingi iliyopita, nao wenyewe walikwisha kufa. Sihitaji kueleza kwa nini walimu wanaipenda.

Nimeiacha makusudi hadithi ninayoiona muhimu kuliko zote katika mjadala huu. Imo katika mkusanyiko wa 1978, inaitwa "The Last Rung on the Ladder", na haina zimwi, pepo wala damu iliyomwagika mbele yetu. Larry na dadake mdogo, Kitty, wanaishi shambani Nebraska. Wazazi wakiondoka, hupanda ngazi ndefu ndani ya ghala na kurukia nyasi kavu. Siku moja ngazi iliyochakaa inakatika, Kitty amening'inia kwenye kidato cha mwisho. Larry anakimbia huku na huko akirundika nyasi chini yake, kisha anamwambia aachilie. Anaachilia. Anavunjika kifundo cha mguu tu. Baadaye anamweleza kakake kwamba hakutazama chini. Hakujua nyasi zimerundikwa. Alijua tu kuwa kakake yupo.

Miaka inapita. Larry ni wakili mwenye shughuli nyingi, Kitty maisha yamemwendea kombo katika jiji la mbali. Anamwandikia, naye anachelewa kujibu. Anahama, hampelekei anwani mpya. Barua ya mwisho ya Kitty inazungushwa katika posta na kumfikia wakati dadake amekwisha kujirusha kutoka juu ya jengo refu.

Niliifasiri kwa mdomo darasani. Neno "kidato" lilileta kicheko mwanzoni, kwa maana wao walikuwa Kidato cha Tatu, wakataka kujua kama wanaokaribia kidato cha mwisho nao watakatikiwa na ngazi. Kicheko kilikwisha chenyewe. Mwishoni hakuna aliyepiga mayowe, na kengele ilipolia hawakuharakisha kutoka. Mbinu rejeshi, jazanda ya ngazi, ulinganifu wa kuanguka mara mbili, ahadi isiyotamkwa: vyote walivitaja bila mimi kuvidokeza.

Lakini usidhani hadithi hii inapendwa na wote. Wapo wanaonunua vitabu vya King kutafuta hofu, na kwao hii ni kama kuagiza pilipili ukaletewa uji. Hata "The Woman in the Room", inayofunga mkusanyiko huo huo, ambamo mwana anampa mamake mgonjwa wa saratani vidonge vya kukatisha maisha, imewakera baadhi kwa kuwa haitishi kwa namna waliyoizoea. King alifiwa na mamake kwa saratani mwaka wa 1973. Ukiijua habari hiyo utaisoma hadithi kwa jicho jingine, ingawa ningekushauri usiwape wanafunzi wasifu wa mwandishi kabla ya matini.

Nao wasomi je? Mwaka wa 2003 wakfu unaotoa Tuzo za Kitaifa za Vitabu nchini Marekani ulimpa King nishani ya mchango wake katika fasihi. Harold Bloom, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, alilipinga jambo hilo hadharani na kwa ukali, akimweka King katika tapo la waandishi wa vijitabu vya bei rahisi. Lakini kabla ya hapo, mwaka wa 1994, jarida la The New Yorker lilikuwa limechapisha hadithi yake "The Man in the Black Suit", na mwaka wa 1996 ikapata nafasi ya kwanza katika Tuzo ya O. Henry, tuzo ya hadithi fupi inayoheshimika sana nchini humo. Mzee wa miaka tisini anakumbuka siku alipokuwa na miaka tisa, alipokwenda kuvua samaki akakutana na shetani aliyevaa suti nyeusi. Basi. Cha kuchekesha ni kwamba King mwenyewe hakuithamini sana. Alieleza kuwa aliiona kama ngano ya kawaida iliyosimuliwa kwa lugha ya kawaida, na akashangazwa na sifa zake. Mwandishi naye ni msomaji mmoja tu kati ya wengi.

Mgogoro huu si mgeni kwetu. Kazi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilisomwa hadi kurasa zikachanika, ilhali katika vyuo ziliwekwa kwenye kapu liitwalo "fasihi pendwa" na kuachwa humo. Kapu hilo lina faida yake, ila lina hatari ya kumwambia mwanafunzi jibu kabla hajasoma. Msichana wangu hakujua kuwa King ni "pendwa" au "dhati". Alisoma mwisho wa hadithi, akaona umekimbia swali ambalo mwandishi mwenyewe alikuwa ameliuliza, na akasema hivyo.

Siku hizi nikisahihisha uhakiki wa aina hii, natafuta jambo moja kabla ya yote. "Haikunitisha" ni kauli kuhusu msomaji. Siwezi kuikana wala kuitilia alama. "Haitishi kwa sababu kilichotarajiwa kimeonyeshwa mapema mno, tazama aya ya mwisho" ni kauli kuhusu matini, na hapo nina cha kupima. Vivyo hivyo kwa anayesifu. Mwanafunzi anayeandika kwamba hadithi ni nzuri mno na ilimnyima usingizi hapati chochote kwangu mpaka anionyeshe ni wapi. Nimewahi kugawa darasa mara mbili kwa hadithi moja: waliopenda waandike hoja za kuikosoa, na waliochukia waandike za kuisifu. Wengi hulalamika, kisha huandika vizuri kuliko siku zote.

Yule msichana alimaliza shule zamani. Karatasi yake ninayo bado kwenye faili, nami huwasomea walimu wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, jina nikiwa nimelifunika. Huwauliza wangempa alama ngapi. Hawajawahi kukubaliana, na wa mwisho aliyempa nne kwa kumi nilimwomba anionyeshe ni wapi.